Siku Zile Kati ya Umra na Hija

Sabuni isiyo na manukato ni kitu kigumu kukipata Bunia. Wiki chache zilizopita nilizunguka soko asubuhi nzima nikiitafuta kwa ajili ya mama yangu, na kila muuzaji alinisogezea puani sabuni ya waridi, ya limau, ya maziwa, akanishangaa nilipotikisa kichwa. Anayeingia kwenye ihramu haruhusiwi manukato, na mama yangu ni mtu wa kufuata sheria mpaka kwenye kucha. Mwishowe niliangukia kwa mwanamke mmoja anayeuza sabuni ya mawese, ile ya kienyeji inayokatwa kwa waya. Nilichukua kipande, nikakinusa. Nikakaa juu ya gunia la maharage la mtu nisiyemjua, mimi mtu mzima mwenye watoto watatu, nikalia. Yule mwanamke alidhani nimefiwa, akanipa maji ya kunywa.

Sikufiwa siku hiyo. Harufu ile ilikuwa ya Koko, mama wa baba yangu, katika majuma aliyojiandaa kwenda Makka, nami nikiwa na miaka tisa. Ninyi mliokua pamoja na mimi katika mji huu mnayakumbuka mengi ya miaka ile, na mengi tumekubaliana kutoyataja. Hili langu sikulitaja hata kwa mume wangu.

Mwaka huu zamu ni ya Mama. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo aliniomba niende naye kwenye darasa la mahujaji, nimrudilie sikioni anayoyasema mwalimu. Mwalimu wa siku hizi ni kijana mwenye kompyuta na picha za ukutani. Alieleza kwamba hija ina namna tatu, Ifradi, Kirani na Tamatui, na kwamba kila mtu achague yake kabla ya kutia nia. Mama akanyanyua mkono. Akauliza kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu wasiosikia vizuri, "Mwenye kufanya Tamatui, kati ya Umra na Hija anabaki na siku ngapi?" Kijana akamjibu kwamba inategemea siku atakayofika. Mimi nilitoka nje nikajifanya nimepigiwa simu.

Ili mnielewe, lazima nianze na baba yangu. Aliitwa Ramazani. Alikuwa na mashine ya kusaga unga karibu na soko, mashine iliyomkata nusu ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto na ambayo baadaye wenye bunduki waliichukua pamoja na mabati ya kibanda chake. Alipobaki mikono mitupu akasema anaenda Mongbwalu kuchimba dhahabu, akipata kidogo atarudi, na akipata nyingi atakwenda kuhiji kama alivyohiji mama yake. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila alipopata mtandao. Kisha simu yake ikanyamaza. Mara mbili watu walikuja wakasema wamemwona, mara mbili Baba mukubwa, kaka yake, akapanda lori kwenda kumtafuta, na mara zote mbili alikuta mtu mwingine. Ukaingia mwaka wa tatu.

Koko alikuwa amekwisha kuhiji zamani pamoja na mume wake. Walifika wamechelewa, siku chache tu kabla ya Arafa, wakafanya Ifradi, hija peke yake bila umra. Alipenda kusimulia jinsi walivyobaki na ihramu ileile wakati wenzao wamekwisha kunyoa na kujipaka manukato. Sasa mfanyabiashara mmoja wa msikitini alikuwa amemwahidi mama yake mzazi safari, mama yake akafariki kabla ya kuondoka, na nafasi ile akampa Koko. Koko akasema ataipokea, lakini hataenda kwa ajili yake mwenyewe. Atakwenda kwa jina la Ramazani.

Siku aliposema hivyo mimi nilitumwa kuteka maji. Kisima kilikuwa karibu, na mimi nilikuwa mtoto wa masikio marefu, kwa hiyo niliacha dungu langu la maji nyuma ya ukuta wa jikoni nikasikiliza.

"Mutoto wangu alikuwa na nia ya kufika kule," Koko alisema. "Mimi miguu ingali iko. Nitamufanyia."

"Mama," akasema mama yangu, maana ndivyo alivyomwita mkwewe, "usitaje jina yake kule. Nakuomba. Usilitaje."

"Miaka tatu, Mama Zaina. Unataka ningoje mpaka na mimi niende?"

Hapo Mama akashusha sauti, na mimi sikusikia kilichofuata. Kilichofuata ndicho kilichokuwa na maana yote. Mama alimwambia kwamba hija ya kumfanyia mtu mwenye afya zake haipo. Watu humfanyia aliyekufa, au mgonjwa asiye na tumaini la kuinuka. Koko akisimama Arafa kwa jina la Ramazani, mbele ya mahujaji wote wa Ituri, atakuwa amemzika mwanawe bila maiti. Hayo niliyajua nikiwa msichana mkubwa. Wakati ule nilijua tu kwamba Koko anataka kwenda kumwita baba yangu mahali fulani, na Mama hataki.

Wangeweza kuniambia. Nimewalaumu kwa hilo miaka mingi, kisha na mimi nikapata watoto, nikajikuta nawatuma maji kila ninapotaka kusema jambo lenye uzito.

Darasa la mahujaji lilifanyika uani mwa msikiti, na Koko alinichukua nimshikie kanda zake za miguuni. Mwalimu wa siku zile alikuwa mzee mnene mwenye ucheshi mwingi na pumzi chache. Kaaba yake ilikuwa pipa la mawese lililofunikwa turubai jeusi, Safa ilikuwa mlango wa choo, na Marwa ilikuwa ngazi ya ofisi. Wazee walilizunguka pipa mara saba, wengine wakipotea hesabu, naye akiwaelekeza kutoka kwenye kiti chake.

"Ifradi," alisema, "ni mutu anabeba muzigo moya, Hija. Anafika nayo, anatua, anarudi kwake. Haiko na deni ya kuchinja. Kirani ni mizigo mbili, Umra na Hija, mu gunia moya. Unazibeba pamoja, hautue mpaka mwisho, na unachinja. Tamatui ni mizigo mbili vilevile, lakini unabeba ya kwanza, unatua. Unakata nywele, unaoga, unajipaka manukato yako, unalala na bwana yako kama uko naye. Siku ya nane ya mwezi wa Hija unavaa tena ihramu, unabeba ya pili. Na yeye anachinja."

Mwanamke mmoja akasema yeye atabeba ile ya kupumzika katikati, watu wakacheka. Koko hakucheka. Alinyanyua mkono akauliza kama inaruhusiwa mzigo wa kwanza uwe wake na wa pili uwe wa mtu mwingine. Mwalimu akajikuna ndevu, akasema kwa aliyekwisha kujihijia mwenyewe, wapo wanaoruhusu, naye yuko pamoja nao. "Na nia ya ule muzigo wa pili, naitia wakati gani?" Koko akauliza. "Siku ile ya nane, unapovaa ihramu. Si mbele."

Koko alirudi nyumbani akitembea upesi kuliko mimi. Siku hiyo yeye na Mama walifikia mapatano, na ni mapatano mazuri, hata leo nayaheshimu. Koko atafanya Tamatui. Umra ataifanya kwa ajili yake mwenyewe. Kisha katika siku zile za katikati, amekwisha kutua na bado hajabeba tena, atangoja habari. Asubuhi ya siku ya nane, kabla ya kuvaa ihramu, atapiga simu Bunia. Kama kuna alama yoyote kwamba Ramazani yuko hai, hija nayo ataifanya kwa jina lake Koko mwenyewe, iwe sunna. Kama hakuna, atalitaja jina la mwanawe, na Mama hatamlaumu. Walipeana mikono juu ya sinia la mchele. Niliwaona, nikafurahi kwamba wamepatana, bila kujua walichopatana.

Nilichokuwa najua mimi ni majina. Mwisho wa kila darasa Mwalimu aliwafundisha wanaomhijia mtu mwingine namna ya kusema. "Labaika an Ramazani," yaani naitika kwa niaba ya Ramazani, Koko alirudia, mara kumi, mara ishirini, hadi nami nikashika. Shuleni kwetu jina lako likiitwa unasimama, unaitika, na usipoitika mwalimu anatuma watu nyumbani kwenu mpaka upatikane. Makka ilikuwa mbali na sisi, lakini Koko alisema hakuna mahali karibu zaidi na Mungu, na kwamba dua ya Arafa hairudi. Nikapiga hesabu yangu. Jina likiitwa kutoka pale, litasikika mpaka Mongbwalu, mpaka ndani ya mashimo. Baba ataitika. Sikuona kwa nini jambo jepesi hivyo liliwachukua miaka mitatu.

Koko aliondoka akinuka sabuni ya mawese, na nyumba ikabaki na mimi na Mama.

Siku nne kabla ya ile simu, alikuja mtu. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu kutoka Mongbwalu, Mwislamu, kijana mwenye macho mekundu, aliyeshuka Bunia kununua vifaa. Baada ya sala ya Ijumaa aliuliza msikitini kama kuna ukoo wa Ramazani mwenye mashine. Akaletwa kwetu. Alikataa kukaa.

"Nilifanya naye kazi mu shimo moya," alimwambia Mama. "Alisema yeye ni wa Bunia, alikuwa na mashini ya unga. Kidole hii ndogo ya kushoto iko nusu."

"Lini?" Mama aliuliza.

"Mwezi haijapita."

Mama alimkamata mkono, mwanamke asiyewahi kumshika mwanamume wa nje hata kidole, akamwambia arudie. Akarudia. Baba mukubwa alipoitwa akasema wachimbaji wote wana vidole vilivyokatika, na yeye hapandi tena lori kwa ajili ya kidole. Mama hakubishana naye. Alikwenda kwa jirani yetu, Mama Furaha, mwanamke wa Kanisa aliyeuza samaki wa Kasenyi, akamwomba nile na nilale kwake. Kisha akanikalisha kitandani, akanipa simu yetu, tuliyokuwa nayo moja tu.

"Zaina, sikia muzuri. Koko atapiga asubuhi ya siku ya nane. Utamuambia hivi: Kuko mutu alimuona Baba. Mama ameenda kumutafuta. Asitaje jina. Rudilia."

Nilirudilia. Alinirudilisha mara tatu, akanibusu kichwani, akapanda lori la magunia ya unga.

Siku nne nililala na ile simu chini ya shavu. Na siku nne nilifikiri. Mama anamtafuta Baba huku chini, barabarani, kwenye matope. Koko anaweza kumwita kutoka juu. Kwa nini mmoja amngoje mwingine? Nilifikia jibu la kitoto kabisa, kwamba Mama ana wivu. Anataka awe yeye aliyemleta, asije Koko akasifiwa. Nilimpenda Mama, lakini hilo niliona ni kosa lake, na kwamba mimi mwenye akili zangu nitalirekebisha. Nilijiona mjanja. Hilo ndilo linalonichoma zaidi hadi leo, jinsi nilivyojiona mjanja.

Simu ililia Mama Furaha akiwa sokoni. Sauti ya Koko ilikuja nyembamba, na nyuma yake makelele ya watu wengi na mtu akiita majina.

"Zaina? Mama yako iko wapi?"

"Iko soko."

"Habari? Kuko mutu alileta habari ya baba yako?"

"Hapana, Koko. Habari hakuna."

Aliuliza tena, sauti juu zaidi.

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna. Umuite, Koko. Umuite na nguvu."

Nikasikia akivuta pumzi, akaanza kulia, kilio cha chini cha mtu mzima anayejizuia mbele za watu. Nilidhani analia kwa furaha kwamba amepata ruhusa. "Basi," akasema. "Basi, mutoto yangu. Nitamuita." Simu ikakatika, nami nikatoka nje kukaa kwenye jiwe la mbele ya nyumba, uso kuelekea barabara ya Mongbwalu. Nilikaa pale siku hiyo na siku iliyofuata, siku ya Arafa. Mama Furaha aliniletea ugali na samaki palepale. Nilimwambia namngoja Baba, akasema ataniombea kwa Yesu.

Aliyekuja alikuwa Mama, siku ya tatu ya Idi, na matope mpaka magotini. Alikuwa anacheka. Sijawahi kumwona tena akicheka vile. Hakumpata, lakini aliona shimo alilochimba Baba, alizungumza na mwanamke aliyempikia, aliambiwa kwamba amehama na wenzake wiki mbili zilizopita kwenda kariere nyingine, machimbo yaliyo ndani zaidi ya msitu. Alikuwa na jina la mahali. Alirudi kuchukua nguo na kumshawishi Baba mukubwa, maana huko mwanamke hawezi kufika peke yake.

"Koko alipiga?" aliniuliza.

"Alipiga."

"Ulimuambia?"

"Ndiyo."

Nilisema ndiyo bila hofu. Niliamini kwamba Baba yuko njiani, na kwamba akifika hakuna atakayeuliza nani alisema nini.

Baba mukubwa alivuta siku. Alisema Koko arudi kwanza, mambo haya hayaamuliwi bila mama mzazi. Kwa hiyo Mama alingoja, begi lake likiwa limefungwa nyuma ya mlango. Koko alirudi baada ya majuma mawili. Parsele yetu, ua na nyumba zake, ilijaa watu waliokuja kumpokea hajati na kumwomba dua. Mimi nilikuwa napitisha vikombe vidogo vya zamzamu. Mtu akamuuliza alifanya hija ya namna gani, na Koko, amekaa kwenye mkeka, amekonda, akajibu mbele ya wote, "Tamatui. Umra yangu. Hija nilimufanyia mutoto yangu Ramazani. Mungu amupokee."

Watu wakainua mikono. Baba mukubwa akaanza kusoma Fatiha. Mama alitoka jikoni, na sauti yake ikapita juu ya ile ya Fatiha.

"Nilikutumia habari! Mama, nilikutumia habari kwamba mutu alimuona! Tulipatana!"

Koko alimtazama Mama. Kisha polepole akageuza macho akanitazama mimi. Sijui aliona nini usoni pangu. Alinitazama kwa muda mfupi sana. Halafu akasema, "Habari ilinifika. Niliona ni heri nimalize."

Hapo ndipo nilipoelewa. Si yote, lakini nilielewa kwamba nilifanya jambo baya, na kwamba Koko amelibeba.

Mama alijaribu bado. Alileta jina la kariere, alieleza habari za kidole, za yule mwanamke mpishi. Koko mwenyewe alisema, "Muende mumutafute, hija haiue mutu." Mwalimu mnene naye alisema hivyo hivyo, kwamba hija ni hija na kifo ni kifo. Lakini Baba mukubwa alikuwa amechoka na ndugu asiyeonekana, na hapa alipata mahali pa kushikia. Mama mzazi amesimama Arafa, watu wamesoma Fatiha, mbele ya nani atasema tena Ramazani ni mzima? Akamwambia Mama akae eda.

"Sijafiwa," Mama alisema.

"Ukitoka tena kutembea mu makariere, Zaina atabaki kwangu. Mutoto ni wa ukoo."

Mama aliniangalia. Akafungua begi lake, akarudisha nguo moja moja. Alikaa miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba kwa ajili yangu, akimlilia mume ambaye hakuamini amekufa, na alipotoka, Baba mukubwa alikubali kwa shingo upande kumtuma mtu. Wale wachimbaji walikuwa wametawanyika. Hakuna aliyejua tena. Hadi leo hakuna anayejua. Nimewahi kufikiri kwamba huenda baba yangu hakutaka kupatikana, mtu anayeishi safari ya siku moja na asiyetuma hata salamu. Lakini hilo nalifikiri ili nipate usingizi, na halinisaidii.

Katika siku za eda Koko aliniita nyuma ya nyumba. Hakuinua sauti.

"Uliniambia vile juu ya nini, Zaina?"

"Ili akuje. Ukimuita, akuje."

Akafunika uso kwa kanga. Nikaogopa, nikamvuta mkono. "Kosa ni yetu," akasema. "Hatukukuambia kitu. Usimuambie mama yako sasa, atakuvunja na yeye atavunjika. Siku utakuwa mukubwa, utamuambia weye mwenyewe. Unasikia? Weye mwenyewe."

Nikasema nasikia. Na nikawa mkubwa. Nilimaliza shule, niliolewa, nilizaa. Koko na Mama waliishi parsele moja miaka hiyo yote, kila mmoja na jiko lake, wakisalimiana kwa sababu dini inaamuru. Nilikuwa nabeba sahani kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na ikirudi kutoka kwa Mama, ilirudi haijaguswa. Mara nyingi nilifungua kinywa. Nilisema ngoja Idi ipite, ngoja nijifungue, ngoja Mama apone malaria. Koko hakuwahi kunikumbusha. Nadhani alinihurumia, au alikwisha kunikatia tamaa.

Alipofariki, wanawake walimwita Mama amuoshe, maana ndiye mkaza mwana, ndiye wa kwanza. Mama alisema hawezi kumgusa. Wakamwosha wengine. Mimi nilikuwepo, nilishika ndoo ya maji, na hata hapo sikusema.

Sasa basi, juzi. Desturi mnaijua, anayekwenda kuhiji huzunguka kuomba radhi. Mama alizunguka avenyu nzima kwa siku mbili, mpaka kwa Mama Furaha, ambaye ni kikongwe sasa. Alasiri ya siku ya pili akaja kwangu, akanikuta natwanga sombe, majani ya muhogo. Akakaa kwenye kigoda.

"Umebaki weye. Kama kuko kitu nilikukosea, unisamehe. Na kama weye ulinikosea, mimi nimeshasamehe yote."

"Usiseme vile mbele ya kusikia, Mama."

Nikamwambia. Nilisema polepole, nikitazama kinu. Nilipomaliza nikainua macho, nikaona ameinamisha kichwa upande, kiganja nyuma ya sikio.

"Sikukusikia. Sema na nguvu."

Ilibidi nipige kelele. Nilisimama katikati ya ua wangu mwenyewe nikatamka kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba ni mimi niliyemwambia Koko hakuna habari, kwamba ni mimi niliyesema umuite. Redio ya jirani ikapunguzwa. Watoto wangu wakatoka mlangoni.

Mama hakulia. Alikaa na mikono magotini.

"Yeye alisema habari ilimufika."

"Alidanganya. Juu ya kunificha mimi."

"Miaka yote ile."

"Ndiyo, Mama."

"Na sikumuosha."

Alisimama, akatafuta kanda zake kwa mguu, na kabla ya kutoka akaniambia nimpeleke makaburini asubuhi, kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Nilimpeleka kwa pikipiki. Langoni akaniambia nibaki pale. Nilimwona kwa mbali akichuchumaa kando ya Koko, mgongo wake mdogo ndani ya nguo nyeupe, na alikaa pale hadi nikaanza kuhofia kwamba ndege itamwacha.

Uwanjani waliomsindikiza walikuwa wengi. Alimkumbatia kila mmoja, alimkumbatia Mama Furaha mara mbili, aliwabusu wanangu watatu. Mimi aliniacha mwisho. Akanipa mkono.

"Jana nilisema nimeshasamehe yote," alisema, kwa ile sauti yake kubwa, na watu wakageuka. "Sikuwa najua ni nini. Ile maneno naiondoa, sitaki kuingia mu ihramu na uongo mu kinywa. Sijakusamehe, Zaina. Nitajaribia kule. Kama itakataa, nitakuambia."

Akachukua mkoba wake kutoka mikononi mwangu, akajiunga na foleni.